Alifia wapi? Mwaka wangu wa kwanza kwa watu wa ramani

Zamani nikiulizwa nafanya kazi gani nilikuwa nasema nafundisha historia na mazungumzo yanaishia hapohapo, mtu anatikisa kichwa kwa heshima alafu anabadilisha mada. Siku hizi nikisema niko idara ya jiografia naulizwa mji mkuu wa Mongolia. Nikikosea wanacheka, nikipatia wananipa mwingine mgumu zaidi. Sijawahi kufaulu mtihani huo na nina shahada tatu.

Ukweli ni kwamba mi si mtu wa jiografia, au sikuwa. Mi ni mwanahistoria wa mazingira, na ndani ya hiyo historia nafuatilia wanyamapori: walikuwepo wangapi, nani aliwawinda, nani aliwauza, nani aliamka siku moja akasema sasa wahifadhiwe, na wale watu waliokuwa wakiishi nao waliambiwa waende wapi. Miaka yote nimekaa na wanahistoria wenzangu, watu wa kukaa kimya kwenye chumba cha nyaraka mpaka mgongo unauma, alafu nafasi ikatokea kwenye idara ya jiografia ya chuo kimoja, nikaomba bila matumaini, wakanichukua. Sababu waliyonipa ni kwamba wanao watu wa mito, watu wa udongo, watu wa miji, watu wa satelaiti, ila hawana mtu wa kuwaambia hayo yote yalikuwaje kabla satelaiti haijapaa.

Ofisi yangu iko katikati ya chumba cha kukaushia udongo na chumba cha wale wa droni. Kwenye korido kuna mawe yamepangwa juu ya kabati na kila jiwe lina kibandiko. Siku ya kwanza nilifika na maboksi ya fotokopi za nyaraka, mtaalamu wa maabara akaniuliza kwa adabu kabisa, "Dokta, hizi zinahitaji friji?"

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Wiki ya tatu nilipangiwa semina ya kujitambulisha, ile ambayo mgeni anasimama nusu saa anaeleza utafiti wake alafu wenyeji wanamchana. Nilijiandaa vizuri. Nikaanza na kwaga, maana kwaga huwa hanitupi. Kama humjui, alikuwa punda milia wa kusini mwa Afrika ambaye milia yake iliishia katikati ya mwili, mbele michirizi, nyuma kahawia tupu, utadhani fundi aliishiwa rangi. Wa mwisho anayejulikana alikufa tarehe 12 Agosti 1883 kwenye bustani ya wanyama ya Amsterdam. Nikaruka kwa Martha, njiwa wa mwisho wa wale njiwa wahamaji wa Amerika Kaskazini waliokuwa wakipita angani mabilioni kwa mabilioni mpaka jua linafunikwa, yeye alikufa tarehe 1 Septemba 1914, bustani ya wanyama ya Cincinnati, Marekani. Nikamalizia na yule mnyama wa Tasmania, kisiwa cha Australia, mwenye michirizi mgongoni na mfuko wa kubebea watoto, tarehe 7 Septemba 1936, bustani ya wanyama ya Hobart, siku 59 tu baada ya serikali kutangaza kumlinda. Nilikuwa najisikia vizuri sana. Tarehe tatu, siku kamili, ushahidi umenyooka, mwanahistoria anataka nini tena.

Profesa mmoja wa mito, mama mtu mzima ambaye akiongea wote wananyamaza, akanyoosha mkono. "Samahani Dokta, wote hawa wamefia bustanini. Kwani kwaga alikuwa mwenyeji wa Amsterdam?"

Watu wakacheka, na mi nikacheka, ila nilivyorudi ofisini sikuwa nacheka. Kwa sababu yule mama kaligusa jambo ambalo nimelifundisha miaka kwa maneno na sijawahi kulichora. Tarehe zangu zote zilikuwa tarehe za kizimba. Mwenye kizimba ana daftari, ana mlinzi, ana mtu wa kufungua mlango asubuhi akamkuta mnyama amelala na hainuki. Huko Karoo kwenyewe, nyanda kame za Afrika Kusini alikokuwa anaishi, kwaga wa mwisho alianguka lini? Hakuna aliyeandika, wala aliyempiga risasi hakujua kwamba amepiga wa mwisho, na tena jina lenyewe la kwaga watu walikuwa wanalitumia kwa punda milia wengine pia, kwa hiyo mtu angekuambia wapo tele, nimewaona juzi. (Tusiwacheke, sisi mbwa mwitu tunamuita yule wa madoa na masikio makubwa wa mbuga za Afrika na tunamuita yuleyule wa kwenye theluji za Ulaya, na hao si mnyama mmoja hata kidogo. Nikisoma tafsiri ya kale inayosema mbwa mwitu huwa nasimama kwanza.)

Yaani nilichokuwa nimewaonyesha wale watu si mahali wanyama walipoishia. Ni mahali palipokuwa na macho ya binadamu na kalamu.

Basi tangu siku ile swali la alifia wapi limekuwa kama jiwe kwenye kiatu. Na wenzangu wapya hawanihurumii. Ukitaja kitu chochote kwao wanataka ukionyeshe kwa kidole kwenye ramani. Hata fomu yao ya utafiti ina kisanduku cha latitudo na longitudo, ni lazima kijazwe la sivyo mfumo haukuruhusu kuendelea. Mara ya kwanza niliandika "karne ya 19" mle ndani, mfumo ukagoma, nikapiga simu, dada wa upande wa pili akaniuliza, "Sasa karne ya 19 iko kaskazini au kusini?"

Ila nisiwape sifa zote, maana nao nilikuja kuwakuta na lao.

Kuna kijana wa uzamili anafanya mambo ya nyangumi. Alinifuata mlangoni siku moja na laptopu imefunguliwa, furaha imemjaa, "Dokta njoo uone." Alikuwa amechukua ramani za Charles Townsend za mwaka 1935. Huyu Townsend alikuwa mkuu wa akwariamu ya New York, na alifanya kazi moja ya kichaa ambayo naiheshimu mpaka leo: alipitia madaftari ya safari ya meli za Marekani zilizokuwa zikivua nyangumi, na kila siku ambayo meli iliua, akaweka nukta kwenye ramani ya dunia pale meli ilipokuwa. Nyangumi 53,877. Rangi za nukta zinabadilika kufuata miezi, ukiangalia unaona wanyama wanapanda na kushuka baharini kama wanapumua. Sasa kijana akaziingiza zote kwenye programu ya kuchora ramani, akabonyeza, ikatoka bahari nzima ina mawingu mekundu na ya njano na sehemu nyeupe. Ni nzuri kweli, ungeweza kuitundika ukutani.

"Hapa pekundu ndo walikuwepo wengi," akanieleza, "na huku kweupe hawakuwepo."

Nikamuuliza, huko kweupe meli zilipita?

Akanyamaza. Akaangalia ramani, akaniangalia, akaangalia ramani.

Hapo ndo nilijua kwa nini wamenileta hii idara. Nikamkalisha nikamuonyesha picha ya ukurasa wa daftari lenyewe, maana yeye alikuwa na nukta ila hajawahi kuona zilikotoka. Mabaharia walikuwa na mihuri ya kuchonga, wengine ya mbao wengine ya mfupa au jino la nyangumi mwenyewe, na siku wakiua wanagonga muhuri pembeni ya maandishi ya siku hiyo: nyangumi mzima mweusi, mdogo kama kidole, na tumboni kwake muhuri umeachwa uwazi mweupe, mle kwenye uwazi mtu anaandika kwa kalamu idadi ya mapipa ya mafuta aliyotoa. Kuna kurasa wamepangana watatu wanne, kila mmoja na namba yake tumboni. Alafu kuna muhuri mwingine, mkia peke yake umesimama juu kama mnyama anayezama. Huyo ni aliyewatoroka. Na ukisoma maneno ya pembeni unakuta wengine walitoroka na mkuki mwilini, damu inamwagika, kamba imekatika. Huyo anaenda kufia wapi? Kwa Townsend hana nukta, maana Townsend anahesabu siku za waliopatikana tu.

Kwa hiyo ile ramani nyekundu si ramani ya nyangumi. Ni ramani ya mahali ambapo nahodha aliona inalipa kwenda, akafika, akaona, akarusha, na kamba haikukatika. Kila hatua hapo inapunguza wanyama. Sehemu nyeupe inaweza kuwa bahari isiyo na nyangumi, inaweza pia kuwa bahari isiyo na upepo mzuri wa kufikia huko.

Nikamuongezea na ile habari ya Wasovieti, maana kijana alikuwa bado anaamini daftari likishaandikwa limeandikwa. Meli za Urusi ya Kisovieti baada ya vita kuu ya pili zilikuwa na hesabu mbili, ya kupeleka kwenye tume ya kimataifa ya nyangumi na ya kweli. Kwa nyangumi wale wenye mapezi marefu wa bahari za kusini walitangaza kuwaua 2,710. Hesabu ya kweli ni zaidi ya 48,000. Tulikuja kujua miaka ya 1990 baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika, kwa sababu baadhi ya wanasayansi wao waliokuwa melini walizificha takwimu sahihi na wakazitunza. Miaka na miaka watu walikuwa wanatengeneza mifano ya kompyuta na kujiuliza mbona idadi ya nyangumi haipandi kama hesabu zinavyotaka, kumbe hesabu yenyewe ni ya uongo. Kijana akasema "duh" akafunga laptopu akaondoka. Nikadhani nimemvunja moyo.

Sasa na mi zamu yangu ya kuvunjwa ikafika, na hii inauma zaidi kwa sababu ni kitu nilichokuwa nimeshachapisha. Nina sura moja niliyoandika zamani kuhusu Serengeti, kuanzia miaka ya 1890 mpaka 1960 na kitu. Nikampa mwenzangu wa ofisi ya pili, yeye ni mtu wa mipaka, kazi yake yote ni mistari kwenye ramani. Akanirudishia na alama moja tu ya penseli, ukurasa wa kwanza, kaizungushia neno Serengeti, pembeni kaandika: "ipi?"

Nikakasirika kwanza. Alafu nikaelewa. Niliandika kama vile Serengeti ni sahani imekaa mezani na historia inamwagwa juu yake. Lakini hifadhi ya taifa iliyoanzishwa 1951 ilikuwa na Ngorongoro ndani yake, kreta na nyanda za juu, na Wamasai wanaishi mlemle na ng'ombe wao. Mwaka 1959 mistari ikachorwa upya: Ngorongoro ikatolewa ikawa eneo lake lenye utaratibu wake, Wamasai wakakubaliwa kuishi huko, na Serengeti ikabaki ya wanyama peke yao, ikaongezewa upande wa kaskazini kuelekea mpaka wa Kenya. Hiyo ni hifadhi mbili tofauti zenye jina moja. Na katikati ya hayo yuko Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, na mwanawe Michael, wana kindege kilichopakwa milia kama punda milia, wanazunguka angani wanahesabu na kufuatilia nyumbu wanaenda wapi, kwa sababu mistari mipya ilikuwa inapendekezwa na hakuna aliyekuwa amechora njia za nyumbu wenyewe. Waliona kabisa nyumbu wanatoka nje ya mistari. Mistari ikachorwa. Michael alikufa Januari 1959, kindege kiligongana na tumbusi angani.

Na kuna kilichotangulia. Sotoka. Ule ugonjwa wa ng'ombe uliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 ukashuka kusini, kufikia 1896 umeshavuka Zambezi, na kuna mahali ulichukua ng'ombe tisa katika kila kumi. Nyati na nyumbu na wengine nao wakaanguka. Wafugaji wakabaki bila chochote, njaa ikafuata, ndui ikafuata, watu wakafa wengine wakahama, na ardhi iliyokuwa inaliwa na mifugo na kuchomwa kwa mpango ikaota vichaka, na vichaka vikaleta mbung'o, na penye mbung'o ng'ombe harudi maana wanamwambukiza ugonjwa wa kumuua. Wazungu wengi walioanza kuandika na kuchora ramani wakafika ndani ya miaka hiyo au muda mfupi baadaye. Wakaona nchi tupu, wakaandika pori la asili, halijawahi kuguswa na mtu. Fikiria mtu anafika nyumbani kwako siku ya tatu ya msiba, anakuta viti vimegeuzwa na hakuna mtu sebuleni, anaandika kwamba nyumba hii haijawahi kukaliwa, alafu anaizungushia uzio ili ibaki hivyohivyo.

Haya yote niliyajua, nimeyafundisha. Nilichokuwa sijafanya ni kuweka ramani mbili juu ya nyingine, ya vifo vya sotoka na ya mapori tengefu, tukakaa na yule wa mipaka mpaka jioni tunasogeza tu. Sikuwa najua nitajisikia vile.

Na haikuishia hapo, maana chanjo ya ng'ombe ilipozunguka Serengeti miaka ya 1950 na 1960 ugonjwa ukakatika hata kwa nyumbu ambao hawakuchanjwa, na wale nyumbu waliokuwa kama robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakapita milioni moja kabla ya 1980. Nyumbu wengi wanakula nyasi nyingi, nyasi zikipungua moto unakosa kuni, moto ukipungua miti inaota. Kwa hiyo hata ule uwanda mtupu usio na miti ambao watu walikuwa wanaupigania uhifadhiwe kama ulivyo, sehemu yake ilikuwa ni kazi ya kirusi cha ng'ombe. Kirusi chenyewe kilitangazwa kumalizwa duniani 2011, na hicho ni kitu kilichotoweka ambacho sijaona mtu wa kukilia.

Kuhusu maisha ya idara kwa ujumla nisiseme sana. Wanaandika makala za kurasa kumi na mbili zenye waandishi tisa, mi nimezoea kitabu kimoja miaka minane na jina langu peke yake kwenye jalada, kwa hiyo kwenye kikao cha kuhesabu machapisho ya mwaka mi ndo nilionekana mvivu kuliko wote. Nimepewa kufundisha baiojiografia, yaani viumbe gani wanaishi wapi na kwa nini, na huwa nawatangulia wanafunzi kwa sura moja tu. Buti za porini nimenunua, zimenibana.

Lakini kuna asubuhi moja yule profesa wa mito aliniita maabara. Wana vijiti vya tope walivyochimba chini ya ziwa, marefu, wamevikata nusu kwa urefu, na ukiangalia unaona mistari, ya juu mipya ya chini ya kale. Akaniambia, "Mwanangu, wewe si umechoka na macho ya watu? Angalia hapa." Kwenye hadubini kulikuwa na chembe za poleni, ule unga wa maua, na katikati yao vitu vidogo vya kahawia iliyokolea, kila kimoja kama punje iliyopasuliwa kwa ukucha. Ni mbegu za kuvu wanaoota kwenye mavi ya wanyama wakubwa wala majani. Mnyama anakula, anakunya, kuvu wanaota, mbegu zao zinasombwa na maji mpaka ziwani zinazama na tope. Ukizihesabu tabaka kwa tabaka unajua lini kulikuwa na wanyama wengi pale na lini walipungua. Wamezitumia hata Madagaska kufuatilia kupotea kwa wale wanyama wakubwa wa zamani.

Nilikaa kwenye kile kiti nahesabu hadi shingo ikakakamaa. Hakuna nahodha hapo, hakuna mlinzi wa bustani, hakuna mwindaji wa kujisifu. Haikuambii ni mnyama gani wala nani alimuua, na tarehe yake ni ya kukisia makumi ya miaka huku na huku, mwanahistoria ndani yangu alikuwa ananuna. Ila mahali palikuwa hapohapo, chini ya ziwa hilohilo.

Yule kijana wa nyangumi, kumbe sikumvunja moyo. Alipotea wiki sita alafu akarudi na ramani mpya. Safari hii ameweka kwanza njia za meli kwa rangi ya kijivu, alizikusanya kutoka kwenye madaftari moja moja, siku kwa siku, hata zile siku ambazo hawakuona chochote, na nukta nyekundu zimekaa juu ya kijivu. Sasa kweupe kuko kwa aina mbili, kweupe palipopitwa na kweupe ambapo hakuna aliyewahi kwenda, na hiyo ya pili ameichora vistari vya mshazari. Mikia pia ameiweka, kwa duara tupu. Nilitaka kumkumbatia.

Alafu akasema, "Dokta, hii latitudo na longitudo walikuwa wanaandika ya saa sita mchana, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo, jua likiwa katikati ndo walikuwa wanapima latitudo.

"Sasa nyangumi aliyepigwa saa kumi jioni, na mashua ikavutwa naye mpaka usiku unaingia, nukta yake naiweka wapi?"

Nikamwambia niachie nifikirie, nitamjibu Jumatatu. Leo ni Alhamisi, ya wiki iliyofuata, na madaftari yamejaa mezani.